Maswali na Majibu: Kima Waliokingwa Mwaka 1989 na Kundi la Kulinganisha Lililosahaulika

Barua nne tulizozichagua kwa toleo hili zimetoka sehemu mbalimbali, lakini zote zinagusa jambo moja: chanjo zilizotengenezwa kwa virusi vilivyouawa, na majaribio yake kwa wanyama walio jamii ya kima. Tumeipa barua ya kwanza nafasi kubwa kwa sababu ndiyo inayobeba nyingine.

Daktari, pole na majukumu. Mimi ni muuguzi mstaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifanya kazi kliniki ya mama na mtoto, na watoto niliowachanja sasa ni wazazi. Hivi karibuni mjukuu wangu alinisomea kwamba mwaka 1989 wataalamu wa Marekani waliwachanja nyani kwa virusi vya Ukimwi vilivyouawa, kisha wakawadunga virusi hai, na karibu wote hawakuambukizwa. Sindano ya polio niliyokuwa nikiwachoma watoto miaka yangu ya mwisho kazini nayo ni ya virusi vilivyouawa. Ikiwa njia ni ileile na ilifaulu, kwa nini hadi leo hatuna chanjo? Wapo wanaosema ilifichwa ili dawa ziuzwe. Nimezika ndugu wawili kwa ugonjwa huu, ndiyo maana nauliza.
*Muuguzi mstaafu, Muheza*

Shikamoo mama, na pole sana kwa ndugu zako. Mjukuu wako hakukusomea uongo. Majaribio hayo yalifanyika, yalichapishwa katika majarida makubwa ya sayansi, na matokeo yake yalikuwa kama ulivyoyaeleza. Hakuna aliyeyaficha. Kilichotokea ni kwamba miaka miwili baadaye iligunduliwa kuwa kima wale walikingwa kwa sababu isiyoweza kumsaidia binadamu, na ugunduzi huo haukusambaa mitaani kama ilivyosambaa habari ya kwanza. Nitaueleza kwa kirefu, maana wewe unayajua mambo ya chanjo kwa mikono yako mwenyewe.

Kwanza tuwatambue wanyama wenyewe. Hawakuwa nyani hawa wanaovamia mashamba ya mahindi, bali kima wa bara la Asia waitwao rhesus. Virusi walivyodungwa navyo havikuwa VVU vya binadamu, kwa kuwa aina ya VVU iliyoenea duniani haishiki katika miili ya kima hao. Vilikuwa ni ndugu zake wa karibu, SIV, yaani virusi vya upungufu wa kinga vya kima, vilivyotambuliwa mwaka 1985 katika kituo kimoja cha utafiti huko New England, Marekani, kwa kima waliokuwa wakidhoofika kwa ugonjwa unaofanana mno na Ukimwi. Kima wa rhesus akipata SIV hukonda, huharisha, hupoteza seli zilezile za kinga ambazo binadamu huzipoteza, na mara nyingi hufa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa mtafiti wa chanjo huyo ndiye mnyama aliyekuwa akitafutwa, kwa sababu jibu linapatikana upesi na linaonekana kwa macho.

Mwaka 1989 kundi la watafiti wa Louisiana, likiongozwa na Michael Murphey-Corb, lilikuza SIV maabara, likaviua kwa fomalini, dawa ileile ambayo mochwari huhifadhia maiti, kisha likawachoma kima pamoja na vichangamsha kinga. Baadaye kima tisa walidungwa virusi hai, kwa kipimo kilichokadiriwa kuwa mara kumi ya kile kinachotosha kumwambukiza mnyama mmoja. Wanane kati yao hawakuambukizwa. Mwaka huohuo kundi jingine la New England, la Ronald Desrosiers, liliona kinga kwa kima wawili kati ya sita. Makundi mengine ya Marekani na Ulaya nayo yakaanza kutoa habari njema. Kumbuka hali ilivyokuwa wakati huo: hospitali zetu zilijaa wagonjwa, hapakuwa na dawa ya maana, na wengi walikwisha kusema kwamba chanjo dhidi ya virusi vya aina hii haiwezekani kabisa. Siwalaumu waliofurahi. Ningekuwepo ningefurahi nao.

Sasa tuingie maabara. Virusi havioti peke yake. Lazima vipandwe ndani ya seli hai. SIV vilivyotumika katika chanjo nyingi za wakati ule vilipandwa katika seli nyeupe za damu za binadamu, zilizokuwa zikifugwa kwenye chupa zenye maji ya rangi ya waridi, kwa sababu seli hizo huzaa virusi vingi na ni rahisi kuzitunza. Kirusi cha namna hii kinapotoka ndani ya seli hakiipasui. Hujisukuma polepole kwenye utando wa nje, utando unavimba kama chunusi, kisha chunusi hiyo inajifunga na kukatika. Kwa hiyo kirusi kinaondoka kimejifunika kipande cha utando wa seli iliyokizaa, mfano wa mtu aliyelala ugenini akaondoka asubuhi amevaa kanzu ya mwenyeji wake. Na kwenye kanzu hiyo zimo protini za mwenyeji, zikiwemo zile za utambulisho ambazo mwili huzitumia kujua kipi ni chake na kipi ni cha mwingine. Ni protini za jamii hiyohiyo zinazofanya figo ya mtu mmoja ikataliwe na mwili wa mtu mwingine.

Kima aliyechomwa chanjo ile, basi, alichomwa vitu viwili kwa pamoja: kirusi, na kanzu ya binadamu. Mwili wake ukatengeneza kingamwili dhidi ya vyote viwili. Siku ya kujaribiwa akadungwa virusi hai ambavyo navyo vilikuwa vimekuzwa katika seli za binadamu, vikiwa vimevaa kanzu ileile. Ni kipi kilichovizuia: kinga dhidi ya kirusi, au kinga dhidi ya kanzu? Kwa majaribio ya mwanzo haikuwezekana kujua, kwa sababu kima wa kundi la kulinganisha walipewa vichangamsha kinga peke yake au hawakupewa kitu. Hakuna kundi lililochomwa seli za binadamu zisizo na kirusi ndani yake.

Aliyeliweka kundi hilo ni James Stott na wenzake katika taasisi ya taifa ya Uingereza inayosimamia viwango vya dawa za kibiolojia. Chanjo yao ilikuwa ya seli za binadamu zilizoambukizwa SIV kisha zikafishwa kwa kemikali. Kando yake waliwachoma kima wanne wengine seli zilezile ambazo hazikuwa zimeambukizwa kabisa, kisha wote wakadungwa virusi hai. Mwaka 1991 walitangaza kwamba wawili kati ya wanne hao, wanyama ambao katika maisha yao hawakuwahi kuonyeshwa hata chembe moja ya SIV iliyouawa, nao walikingwa. Tena kilichotofautisha kima aliyekingwa na asiyekingwa ni wingi wa kingamwili dhidi ya seli, si dhidi ya kirusi.

Nakuomba, mama, ulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa sababu ndilo jibu la barua yako. Mnyama asiyechanjwa dhidi ya kirusi alikingwa dhidi ya kirusi. Mwaka uliofuata, Larry Arthur na wenzake huko Maryland walivisafisha virusi na kuonyesha kwamba protini za utambulisho za binadamu zimeshikamana navyo kwa wingi mkubwa, na mwaka 1995 walionyesha kwamba kima waliochomwa protini hizo peke yake, zikiwa zimetengwa na kila kitu kingine, walikingwa dhidi ya SIV vilivyokuzwa katika seli za binadamu. Na pale virusi vya majaribio vilipokuzwa katika seli za kima badala ya seli za binadamu, yaani vilipovaa kanzu ambayo kima anaitambua kuwa ni yake, kinga ya chanjo za virusi vilivyouawa ilitoweka.

Kwa binadamu hali ni kama ile ya kima na seli za kima. Kirusi kinachomfikia mtu kinatoka kwa binadamu mwenzake, na mwili hauwezi kufundishwa kuzishambulia protini za binadamu bila kujidhuru wenyewe. Wapo watafiti waliotafakari kwamba, kwa kuwa protini hizo hutofautiana kati ya mtu na mtu, huenda tofauti hiyo ikatumika kwa namna fulani, na wazo lao si la kipuuzi. Lakini halijazaa chanjo.

Labda utasema: basi wangeendelea, wakakuza virusi katika seli sahihi na kuiboresha chanjo ya virusi vilivyouawa. Walijaribu, na hapo wakakuta ugumu mwingine. Juu ya kirusi cha polio kuna gamba gumu. Ukikiua kwa fomalini kwa uangalifu, umbo lake linabaki, na kingamwili inajifunza sura halisi. Juu ya VVU na SIV kuna miiba michache tu ya protini, kwa makadirio kumi na kadhaa kwa kila chembe, imefunikwa sukari ambazo mwili unaziona kama zake, na imeshikizwa kwa ulegevu kiasi kwamba mingi inadondoka wakati wa kusafisha virusi. Fomalini nayo hufungamanisha protini na kuzikakamaza. Mwisho wa kazi unabaki na mzoga wa kirusi ambao sehemu muhimu kuliko zote haimo, au imo lakini imepinda. Baadaye watafiti wa Maryland walipata njia iliyo bora zaidi, ya kutumia kemikali iitwayo aldrithioli, ambayo huharibu protini za ndani zinazoshikilia vinasaba na kuiacha miiba ya nje katika umbo lake. Njia hiyo bado inatumika sana katika utafiti.

Kuna pia hofu ambayo wewe muuguzi utaielewa upesi. Kila chanjo ya virusi vilivyouawa inategemea kwamba vyote vimekufa. Mwaka 1955, chanjo ya polio ya Jonas Salk ilipoanza kutolewa Marekani, baadhi ya shehena zilikuwa na virusi hai ambavyo fomalini haikuvifikia, na watoto walipooza, wengine wakafa. Polio aghalabu mwili hupambana nayo na kuishinda. VVU huingiza vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli na kukaa humo maisha yote. Kwa kima imeonekana kwamba maficho hayo yanajengeka ndani ya siku tatu za mwanzo. Ni nani angempa mtu mzima wa afya chanjo ambayo kosa la chembe moja halifutiki? Kwa sababu hiyo Salk mwenyewe, alipoigeukia VVU mwishoni mwa miaka ya 1980, aliwapa virusi vilivyouawa watu waliokwisha kuambukizwa, akitumaini kuiamsha kinga yao. Jaribio kubwa la chanjo hiyo, lililohusisha watu zaidi ya 2,500, lilisimamishwa mwaka 1999 kwa kuwa halikuonyesha faida. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Ontario, Kanada, wakiongozwa na Chil-Yong Kang, walirudi kwenye virusi vizima vilivyouawa kwa kemikali na mionzi pamoja, wakaanza na wajitoleaji 33, na wote hao pia walikuwa tayari wanaishi na VVU.

Ile njia nyingine unayoijua, ya matone ya mdomoni yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, nayo ilijaribiwa kwa kima. Mwaka 1992 kundi la Desrosiers lilionyesha kwamba SIV vilivyoondolewa kinasaba kimoja viliwakinga kima wazima kwa nguvu ambayo hakuna chanjo ya virusi vilivyouawa iliyoifikia. Mwaka 1995 Ruth Ruprecht na wenzake huko Boston wakawapa vichanga vya kima virusi vilivyodhoofishwa hata zaidi ya hivyo, na vichanga vikaugua Ukimwi wa kima kutokana na chanjo yenyewe. Mlango huo ukafungwa hapohapo, na nadhani wewe uliyewapokea vichanga mikononi hutataka nieleze kwa nini.

Mhariri, nimesoma kuhusu kima wanaoambukizwa kwa makusudi ili kujaribu chanjo za Ukimwi. Kama matokeo yenyewe yaliwapotosha wataalamu kwa miaka miwili, je, wanyama hao hawakuteswa bure? Dini yangu inanifundisha kwamba mnyama naye ana haki.
*Msomaji, Mombasa*

Swali lako ni la haki na sitalipunguza uzito. Kima wa rhesus ni mnyama wa kijamii, mama hubeba mtoto kifuani, na mnyama aliyezoea kundi akifungwa peke yake huonyesha dalili za mateso ambazo hata asiye mtaalamu anazitambua. Mtafiti anayesema kwamba hakuna gharama upande huo hasemi kweli.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba wanyama wale waliteswa bure. Kima wawili waliokingwa kwa seli tupu ndio waliotuzuia kuwachoma maelfu ya watu chanjo isiyofaa, wakaamini wamekingwa, wakaacha kujihadhari. Kinachoniuma ni jambo lingine: kundi hilo la kulinganisha lingewekwa tangu jaribio la kwanza, wanyama wengi waliotumika katika miaka miwili iliyofuata wasingehitajika. Ukimtumia mnyama katika jaribio lililopangwa vibaya unamdhulumu mara mbili, kwa maumivu na kwa kuyapoteza maumivu hayo. Kamati zinazoidhinisha majaribio, zikiwemo zetu za Afrika Mashariki, zina wajibu wa kuuliza kuhusu kundi la kulinganisha kwa ukali uleule zinaouliza kuhusu ukubwa wa kizimba.

Na kuna jambo ambalo huenda hukuambiwa. Mwaka 1995 watafiti wa Jimbo la Washington waliwadunga kima SIV, kisha wakawapa dawa iliyokuja kuitwa tenofovir. Baadhi walianza kuipewa saa 48 kabla ya kudungwa, wengine saa nne baadaye, wengine saa 24 baadaye. Kima 25 walipewa dawa na wote 25 hawakuambukizwa. Dawa hiyo ndiyo iliyomo ndani ya kidonge kimoja kwa siku ambacho kituo chochote cha tiba na matunzo, Mombasa au Mwanza, humpa anayeishi na VVU, na ndiyo apewayo muuguzi aliyejichoma sindano ya mgonjwa usiku akiwa zamu. Jirani yako anayekinywa ana deni kwa wanyama wale, nami nalitambua.

Daktari, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, mchepuo wa sayansi. Mwalimu wetu wa biolojia alisema tumbili wa Afrika wana virusi vya Ukimwi vya kwao lakini hawaugui. Kwa nini basi wataalamu wasiwatumie hao kujaribu chanjo, badala ya kima wa Asia?
*Mwanafunzi, Moshi*

Mwalimu wako amesema kweli, na unaweza kuwaona tumbili hao kwenye miti ya kando ya barabara hukohuko Moshi. Tumbili wamebeba SIV ya aina yao kwa muda mrefu sana, virusi vinazaliana kwa wingi ndani ya damu yao, na bado wanaishi maisha yao yote bila Ukimwi. Kima wa rangi ya moshi wa Afrika Magharibi, aitwaye kwa Kiingereza sooty mangabey, aina ambayo virusi vyake vilimwingia binadamu na kuwa VVU-2, yaani aina ya pili ya VVU, ni hivyohivyo.

Kwa jaribio la chanjo, hali hiyo ni kikwazo. Chanjo hupimwa kwa kulinganisha: waliochanjwa wanabaki wazima, wasiochanjwa wanaugua. Ikiwa hata wasiochanjwa hawaugui, na wengi wao porini walikwisha kuambukizwa kabla hujawakamata, utalinganisha nini na nini? Kima wa rhesus hana SIV katika maumbile ya kwao Asia. Aliipata kizimbani Marekani, kutoka kwa kima wa Afrika Magharibi waliofugwa katika vituo hivyohivyo vya utafiti, na kwa kuwa mwili wake haukuwahi kukutana nayo, inamuua.

Lakini swali la kwa nini tumbili haugui ni kubwa kuliko unavyodhani, na ningependa siku moja ulifanyie kazi. Inaonekana kwamba tofauti haiko katika kukizuia kirusi, bali katika kutulia. Kwa kima wa rhesus na kwa binadamu, kinga ya mwili inabaki imewashwa kwa miaka, kama injini inayonguruma gari likiwa limesimama, na kuchoka huko kunaharibu mengi. Kwa tumbili kinga inaamka siku za mwanzo kisha inajizima yenyewe, na utumbo wake unabaki salama.

Usiseme, hata hivyo, kwamba wanyama wote wa Afrika wanaobeba SIV ni wazima. Sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma, wana SIV yao, na uchunguzi wa miaka tisa uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sokwe walioambukizwa walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri uleule. Hayo yalijulikana kwa kuokota kinyesi na kukusanya mkojo chini ya miti, bila kumchoma sokwe hata mmoja sindano.

Ndugu mjibu maswali, miaka ya nyuma rafiki yangu alijitolea katika jaribio la chanjo ya VVU jijini Dar es Salaam. Tangu hapo, akipimwa kwa kipimo cha kawaida, wakati mwingine majibu yanakuja kwamba ana maambukizi, ingawa anaapa kwamba ni mzima. Mchumba wake haamini. Je, inawezekana alichomwa virusi ambavyo havikufa vizuri?
*Msomaji, Temeke*

Haiwezekani, kwa sababu rahisi: katika chanjo za VVU zilizojaribiwa Muhimbili hakukuwa na virusi vya Ukimwi, wala hai wala vilivyouawa. Majaribio yaliyoanza hapo mwaka 2007 kwa wajitoleaji 60 yalitumia vipande vya vinasaba vilivyotengenezwa maabara, vinavyoamuru mwili utengeneze baadhi tu ya protini za VVU, na dozi za mwisho zilibebwa na kirusi kilichodhoofishwa kabisa cha jamii ya ndui. Kutokana na vipande hivyo VVU kamili hakiwezi kujengeka, kama ambavyo milango miwili na dirisha haziwezi kuwa nyumba. Hofu ya virusi ambavyo havikufa, niliyomweleza muuguzi wa Muheza hapo juu, ni mojawapo ya sababu za njia ile kuachwa na hizi kuchukuliwa.

Kinachomsumbua rafiki yako ni kipimo. Vipimo vya haraka vya kuchoma kidole havitafuti kirusi, vinatafuta kingamwili. Chanjo iliyofanya kazi yake humwachia mtu kingamwili dhidi ya protini za VVU, na kipimo hakina uwezo wa kujua kwamba zimetokana na sindano, si na ugonjwa. Hali hii inafahamika vizuri katika majaribio yote ya chanjo za VVU. Iliwahi kutokea hata kwa paka: mwaka 2002 Marekani iliidhinisha chanjo ya virusi vilivyouawa dhidi ya virusi vya upungufu wa kinga vya paka, na muda si mrefu madaktari wa mifugo wakashindwa kumtofautisha paka aliyechanjwa na paka mgonjwa kwa kipimo cha kingamwili. Chanjo hiyo haiuzwi tena Amerika Kaskazini.

Kwa binadamu ufumbuzi upo. Rafiki yako na apimwe kwa kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, kile kinachotumika kuwapima watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye VVU, ambao nao huzaliwa na kingamwili za mama zao. Kama hana virusi, kipimo hicho kitasema hivyo. Aende kwanza kwa kituo kilichomchanja, akiwa na kadi ya utafiti aliyopewa, kwa kuwa wajitoleaji hupewa utambulisho kwa ajili ya hali kama hii. Akiwa ameipoteza, kumbukumbu zake zinatunzwa huko. Asiende kupimwa kwenye maabara ya mtaani bila kueleza kwamba aliwahi kuchanjwa, na asikubali kuanzishiwa dawa kwa kipimo cha kidole peke yake. Ningeshauri pia aende na mchumba wake siku hiyo, waketi wote wawili mbele ya mshauri na kulisikia jibu kwa pamoja, maana karatasi ikiletwa nyumbani na mtu mmoja haitoshi kuondoa shaka iliyokwisha kuingia.